Jinsi ya kusoma sensa ya kijiji cha India ukiwa Dar es Salaam

Wanaokuja dukani kwangu kuchapa karatasi za ukoo huniuliza jambo lilelile: kijijini kwa babu wanaishi watu gani? Wengi ni wa Upanga na Kisutu, wenye asili ya Kachchh, Jamnagar au Porbandar, sehemu za Gujarat, magharibi mwa India. Wapo pia wanafunzi wa sosholojia waliopewa kazi ya kuandika juu ya kijiji cha India na hawajui waanzie wapi. Mimi nilikuwa karani wa sensa yetu ya 2022 huku Ilala, nikipanda ghorofa moja baada ya nyingine na kishikwambi mkononi, kwa hiyo jedwali la sensa halinitishi. Naandika utaratibu ninaoutumia, kwa sababu nawaona watu wakichukua namba moja tu, ile ya idadi ya watu, wakaondoka nayo. Namba hiyo haikuambii nani analima shamba lake na nani analima la mwenzake, wala nani ameondoka na nani amebaki. Na kijiji kinaundwa na mambo hayo.

Anza na karatasi za nyumbani

Kabla hujafungua intaneti, tafuta mambo matatu: jina la kijiji, taluka (sehemu ya wilaya, kama tarafa yetu) na wilaya. Jina la kijiji peke yake halitoshi. Sensa ya India ya 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000, na jina kama Rampur linajirudia jimbo hadi jimbo. Chungulia pasipoti ya zamani, cheti cha ndoa, bahasha za barua, daftari la mali ya duka, hata maandishi ya nyuma ya picha ya ukutani.

Jina utakalolikuta huenda ni la enzi nyingine. Karatasi ya miaka ya 1930 inaweza kuandika Cutch State au Nawanagar State, maana sehemu hizo zilikuwa na watawala wake chini ya himaya ya Mwingereza. Cutch leo ni wilaya ya Kachchh, makao yake makuu Bhuj. Nawanagar ndiyo Jamnagar. Jimbo la Gujarat lenyewe lilizaliwa tarehe 1 Mei 1960 jimbo la Bombay lilipogawanywa, na hata baada ya hapo wilaya zimeendelea kukatwa: Porbandar ilitolewa Junagadh mwaka 1997, na Devbhumi Dwarka ikatolewa Jamnagar mwaka 2013. Kwa kuwa majedwali tunayoyatumia ni ya 2011, kijiji cha upande wa Dwarka utakikuta chini ya Jamnagar. Hapo ndipo wengi hukwama, wakadhani kijiji chao kimefutwa.

Majedwali yanatolewa bure na ofisi ya Msajili Mkuu na Kamishna wa Sensa wa India, kwenye censusindia.gov.in. Tafuta kitabu cha sensa cha wilaya. Kina sehemu mbili. Sehemu A inaeleza huduma za kila kijiji: shule, matibabu, maji, barabara, posta, umwagiliaji. Sehemu B ndiyo yenye watu. Chukua zote mbili. Kisha nakili namba ya kijiji, ambayo ina tarakimu 6, kwa sababu jina linaweza kuandikwa kwa herufi tofauti kila mahali lakini namba ile haibadiliki ndani ya sensa hiyo.

Nakushauri unakili mstari mzima wa kijiji chako kwenye daftari kwa mkono kabla ya kuusoma. Jedwali lina safu nyingi mno na macho hurukia mstari wa jirani bila wewe kujua.

Nani amehesabiwa

Ukikuta kijiji chenye watu sifuri usistuke. Katika vitabu vya India, kijiji ni kwanza eneo la ardhi lenye mipaka inayotambuliwa kwa ajili ya kodi ya ardhi, liwe na watu au lisiwe nao. Kati ya vile vijiji zaidi ya 640,000, vyenye wakazi ni kama 597,000. Kinyume chake pia kipo: vitongoji viwili vitatu vilivyo mbalimbali, kila kimoja na jina lake midomoni mwa watu, vinaweza kuhesabiwa kama kijiji kimoja. Kama jina alilolitaja bibi yako halipo kabisa, huenda lilikuwa la kitongoji.

Halafu jiulize siku ya kuhesabu ilikuwa lini. Sisi mwaka 2022 tulimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Wahindi waliuliza kwa kipindi kirefu zaidi, tarehe 9 hadi 28 Februari 2011, kisha makarani wakarudi tarehe 1 hadi 5 Machi kuongeza waliozaliwa na kuwatoa waliofariki. Mtu aliandikwa mahali anapoishi kwa kawaida, ilimradi alikuwepo katika kipindi hicho. Aliyekuwa Mumbai au Dubai muda wote huo hakuandikwa kijijini, hata kama nyumba ni yake na mkewe yumo ndani.

Kwa vijiji vya Kachchh hili ni jambo zito. Ni watu wa safari tangu enzi za jahazi, na kuna vijiji vyenye nyumba kubwa za saruji zilizofungwa kufuli huku wenyewe wakiwa Nairobi, London, Muscat au hapahapa kwetu. Kwa hiyo gawanya idadi ya watu kwa idadi ya kaya. Kwa India nzima mwaka 2011 jibu linakaribia watu 5 kwa kaya. Kwetu mwaka 2022 lilikuwa 4.3. Kijiji kikikupa 3 na ushei, usiandike kwamba watu wa huko wana familia ndogo. Uliza kwanza nani ameondoka.

Nitatumia kijiji cha kubuni ili tupige hesabu pamoja. Tuseme kina kaya 300 na watu 1,260, yaani watu 4.2 kwa kaya. Wanaume 640, wanawake 620. Watoto wa miaka 0 hadi 6 ni 140: wavulana 76, wasichana 64.

Wanawake na wasichana

Sisi Tanzania tunataja wanaume kwa kila wanawake 100. Sensa ya 2022 ilitoa 95. India wanataja wanawake kwa kila wanaume 1,000. Usiweke namba hizo mbili kwenye sentensi moja bila kuzigeuza. Kwa India nzima mwaka 2011 zilikuwa 943, na vijijini 949. Kijiji chetu cha kubuni: 620 gawanya kwa 640, zidisha kwa 1,000, unapata kama 969. Kinaonekana kizuri kuliko wastani wa nchi.

Sasa fanya hivyohivyo kwa watoto. Wasichana 64 kwa wavulana 76 ni 842. Hapa naomba usipite haraka. Hesabu ya watu wazima inaweza kupotoshwa na safari: wanaume wakienda mjini kutafuta kazi, wanawake wanaonekana wengi. Mtoto wa miaka mitatu haendi mjini kutafuta kazi. Kwa maumbile, wasichana wanaozaliwa hukaribia 950 kwa kila wavulana 1,000. Pengo kubwa chini ya hapo linatokana na mimba za wasichana kutolewa baada ya kipimo, na wasichana wadogo kutotunzwa sawa na kaka zao. India ilitunga sheria mwaka 1994 ya kukataza kupima mimba ili kujua jinsia ya mtoto, na bado mwaka 2011 kiwango cha watoto wa 0 hadi 6 nchini hakikufika 920. Nikiona namba kama 842 kwenye kijiji kikubwa, naizungushia duara kwa kalamu nyekundu, kwa sababu wasichana wale walitakiwa wawepo.

Kwa kijiji kidogo, hata hivyo, kuwa mwadilifu. Kikiwa na watoto 40 tu, familia mbili zilizobahatika wavulana zinatosha kuivuruga hesabu. Linganisha na taluka nzima kabla ya kumhukumu mtu.

Kusoma na kuandika hakutaki maneno mengi. India huhesabu wenye miaka 7 na zaidi, kwa hiyo toa watoto kwanza. Kama wanaojua kusoma ni 790, gawanya kwa 1,120 wala si 1,260. Unapata asilimia 70.5. Ukisahau unapata 62.7 na unakionea kijiji. Kisha piga hesabu ya wanawake peke yao. Kitaifa wanaume walikuwa karibu asilimia 81 na wanawake kama 65.

Safu za SC na ST

Mtanzania anayefika hapa hushangaa. Sensa yetu haimuulizi mtu kabila wala dini. Maswali hayo yaliondolewa baada ya sensa ya 1967. Sensa ya India inauliza dini ya kila mtu, na inauliza kama yumo katika orodha mbili za kikatiba. SC (Scheduled Castes) ni matabaka ya kuzaliwa yaliyotengwa kwa karne nyingi kama watu wasioguswa, ambao wengi wao leo hujiita Wadaliti. ST (Scheduled Tribes) ni makabila ya asili, Waadivasi. Mwaka 2011 SC walikuwa asilimia 16.6 ya Wahindi wote, ST asilimia 8.6. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilifuta desturi ya kutoguswa, na orodha hizi zipo ili watu hao wapate viti vya bungeni, nafasi za masomo na ajira za serikali.

Mama mmoja mtu mzima wa Upanga alikuja na karatasi ya babu yake ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya kahawia. Kijiji cha taluka ya Mandvi. Nilimwamkia, nikampa kiti, tukaufungua mstari wa kijiji chake kwenye kompyuta. Akaweka kidole juu ya safu ya SC.

“Mwanangu, hawa ni nani?”

“Kwa Kachchh, mama, mara nyingi ni Wameghwal na wenzao.”

“Na sisi tuko wapi? Sisi ni Kumbhar, wafinyanzi.”

Nikamwonyesha kwamba hawana safu. Kumbhar, Ahir, Rabari, Patel, Lohana, Wabrahmini, Waislamu wa kijiji, wote wamo katika namba inayobaki ukitoa SC na ST. Sensa haijahesabu matabaka yote tangu 1931, wakati wa Mwingereza. Akanyamaza akiitazama ile safu, kisha akasema bibi yake alikuwa akisimulia kwamba Wameghwal walikaa upande wa nje wa kijiji na walikuwa na mahali pao pa kuteka maji. “Sijawahi kufikiri kwamba ni watu wengi kiasi hiki.” Nilifurahi kwamba aliliona hilo mwenyewe. Simulizi za nyumbani huwa zinasimuliwa kutoka upande mmoja wa kijiji, na safu ile inaurudisha upande wa pili.

Kwa hiyo zingatia mambo haya. Waliobaki baada ya kutoa SC na ST si watu wa juu. Humo mna maskini, wafugaji, mafundi na wenye ardhi, wamechanganywa. Pili, anayeweza kuandikwa SC ni Mhindu, Singasinga au Mbuddha tu. Singasinga waliongezwa mwaka 1956 na Wabuddha mwaka 1990. Mkristo au Mwislamu ambaye babu zake walitengwa vilevile hayumo humo. ST haina sharti la dini. Tatu, usitafute dini kwenye mstari wa kijiji. Takwimu za dini zilitolewa hadi ngazi ya taluka na mji, basi. Mtu akikuambia kijiji fulani kina Waislamu asilimia kadhaa “kwa mujibu wa sensa ya 2011”, mwombe akuonyeshe jedwali.

Kazi, ambapo ardhi inajitokeza

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wanafunzi wanaparuka. Sensa hugawa wenye kazi katika mafungu mawili: waliofanya kazi miezi 6 au zaidi katika mwaka, na waliofanya chini ya hapo. Kila fungu lina aina nne: wakulima, vibarua wa mashambani, wenye kazi za viwanda vya nyumbani, na wengine.

Tuseme kijiji chetu kina watu 400 waliofanya kazi zaidi ya nusu mwaka: wakulima 110, vibarua wa mashambani 170, viwanda vya nyumbani 10, wengine 110. Vibarua kuwazidi wakulima kunakuambia kwamba ardhi iko kwa wachache na wengi wanauza nguvu zao. Ndivyo ilivyokuwa hata kitaifa: mwaka 2011 India ilikuwa na wakulima milioni 118.8 na vibarua wa mashambani milioni 144.3.

Lakini mkulima wa sensa si lazima awe na shamba lake. Anayekodi, na anayelima kwa kugawana mavuno, wote huandikwa wakulima. Hata mwenye shamba asiyeshika jembe, anayesimamia tu, ni mkulima. Safu moja imebeba bwana na mpangaji wake. Ili kuwatenganisha itabidi uulize watu.

Mfugaji naye hana safu. Ufugaji, uvuvi na misitu vimewekwa kwa “wengine”, pamoja na mwalimu, dereva na muuza duka. Kachchh ni nchi kavu ya malisho, ng'ombe, nyati na ngamia. Kuna vijiji ambavyo “wengine” wake ni wafugaji karibu wote. Usione namba kubwa pale ukaandika kwamba kijiji kimeshakuwa cha kibiashara. Rudi Sehemu A, tazama eneo la malisho na umbali wa mji ulio karibu, ndipo useme.

Fungu la chini ya miezi 6 lisome kwa wanawake peke yao. Wanawake wengi wa vijijini huandikwa humo, au huandikwa hawana kazi kabisa, ilhali ndio wanaokama ng'ombe, wanaopalilia na kubeba kuni. Hata huku kwetu, nikiwa karani, nilimsikia mwanamume mlangoni akisema mkewe “yupo tu nyumbani” wakati mama yule anauza vitumbua kila alfajiri. Basi namba ya wanawake wasio na kazi ipokee kwa tahadhari hiyo.

Piga simu

Jedwali likishaisha, piga simu. Kama una ndugu huko, mpigie kwa video. Kama huna, nenda kwa wazee wa jumuiya hapa mjini, wengi wana mtu. Salimu vizuri, uliza hali za watu, usianze na ardhi.

Usiulize “nyie ni tabaka gani?” Swali hilo linamfunga mtu mdomo, na kwa aliyetoka katika jamii iliyotengwa ni kumtonesha kidonda. Uliza vitu vinavyoonekana. Ukiingia kijijini kwa barabara kuu, nyumba za kwanza ni za nani? Kisima kiko wapi, mabomba yalifika lini, na yalianzia upande gani? Hekalu, msikiti na shule viko upande upi? Nani alianza kununua trekta? Sarpanch wa sasa, yaani mkuu wa baraza la kijiji, ametoka mtaa gani? Mwambie ndugu yako atembee na simu, na wewe chora ramani kwa penseli. Vijiji vingi vya India vimejengwa kwa mitaa ya jamii: Gujarat utasikia faliya, Bihar utasikia tola, Maharashtra wada. Majina mengine ya mitaa hiyo yalikuwa ya tabaka waziwazi, na serikali ya Maharashtra iliamua mwaka 2020 yabadilishwe.

Ukishachora, rudi kwenye namba. Mwanasosholojia M. N. Srinivas, aliyeishi katika kijiji kimoja cha Karnataka mwaka 1948, alieleza kwamba vijiji vingi vina jamii moja yenye nguvu kuliko nyingine kwa sababu ina watu wengi, ina ardhi na ina sauti katika siasa. Si lazima iwe ya Wabrahmini, na mara nyingi siyo. Mwulize ndugu yako bila kutaja neno tabaka: watu wakigombana kijijini, wanakwenda kuamuliwa kwa nani? Jibu lake liandike kama alivyolisema.

Uliza pia kuhusu kiti cha sarpanch. Marekebisho ya 73 ya katiba, yaliyoanza tarehe 24 Aprili 1993, yaliwapa wanawake angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, na SC na ST viti kulingana na idadi yao. Nafasi za sarpanch nazo hutengwa kwa mzunguko. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuwa na mama wa Kimeghwal kwenye kiti hicho leo. Uliza kama anaendesha vikao mwenyewe.

Ukiwa na mstari wa namba na ramani ya penseli, utaelewa kwa nini viongozi wakubwa wa India walikitazama kijiji kwa macho tofauti. Gandhi aliona humo roho ya nchi. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii iliyotengwa, aliliambia bunge la katiba tarehe 4 Novemba 1948 kwamba vijiji vile ndivyo vilivyoiangamiza India. Mimi nimekaa na wateja wengi mbele ya safu ile ya SC, na namwelewa Ambedkar.

Weka tarehe kwenye kila ukurasa

Namba hizi zimezeeka. Mwaka 2011 ni asilimia 55 tu ya kaya za vijijini India zilizotumia umeme kwa mwanga, na chini ya theluthi moja zilikuwa na choo nyumbani. Hali hiyo imebadilika sana. Andika “2011” pembeni ya kila namba unayoinukuu, hasa kama ni kazi ya chuo.

Sensa iliyopaswa kufanyika 2021 iliahirishwa. Mwaka 2025 serikali ya India ilitangaza kwamba itafanyika kwa tarehe rejea ya 1 Machi 2027, isipokuwa maeneo ya theluji yatakayotangulia Oktoba 2026, na safari hii matabaka yote yatahesabiwa. Yule mama wa Upanga ameshaniambia nimwekee nafasi siku majedwali yakitoka. Na wewe acha safu moja tupu kwenye daftari lako, na hifadhi namba ya kijiji ya 2011 pamoja na majina ya taluka na ya vijiji viwili vinavyopakana nacho, maana namba ya kijiji inaweza kubadilishwa na itabidi ukitafute upya kwa majirani zake.